Mashimo ya Upande wa Chini

Kwa miaka ishirini na miwili Elphas amechimba mashimo ya vyoo Eldoret na viunga vyake, na katika muda huo wote ametapika kazini mara moja tu. Siku hiyo hakuwa kwenye choo. Alikuwa kwenye shamba la machungwa.

Alitoka Vihiga akiwa kijana, akapanga chumba Kiplombe, na mpaka leo anaishi huko na mkewe Rosebella. Ni mwembamba, mikono mirefu, na ni msafi kupita kiasi. Akitoka kazini haingii nyumbani kabla hajajisugua nje kwa sabuni ya kipande, ukucha mmoja baada ya mwingine, huku majirani wakimcheka kwamba atabandua ngozi. Watu hudhani mchimba vyoo amezoea uchafu. Elphas hukasirika akisikia hivyo. "Mimi nachimba udongo," husema. "Uchafu mnaleta nyinyi baadaye."

Na udongo anaujua. Juu ya barabara pale Kiplombe ni mwekundu, unaweza kushuka futi kumi na tano bila kugusa jiwe. Ukiufinya mkononi unashikana, ukiuangusha unavunjika. Lakini ukiteremka kuelekea bondeni rangi inageuka kijivu, jembe linabeba donge zito linalong'ang'ania kama ugali mbichi, na futi mbili tu chini unagonga murram, changarawe iliyoshikana kama jiwe, inayotoa cheche ukiipiga sururu. Maji ya mvua yakifika kwenye murram hiyo hayana pa kwenda.

Shamba la Mama Waithira lilikuwa na pande zote mbili. Waithira alikuwa ameuza nafaka mjini kwa miaka thelathini, akafunga duka magoti yalipoanza kumsumbua, na akaamua kwamba hatapanda tena mahindi. Alitaka machungwa. Majirani walimwambia Eldoret kuna baridi, machungwa ni ya watu wa joto. Yeye akawajibu kwamba boma lake la utotoni, huko Murang'a, lilikuwa na mchungwa mmoja nyuma ya jikoni, na kwamba hajawahi kula tunda tamu kuliko lile tangu hapo. Hakuna aliyembishia zaidi.

Aliyemuuzia miche alikuwa Ronnie, jamaa wa miaka thelathini hivi aliyezunguka na pikapu, akijipiga video mbele ya mashamba ya watu na kujiita mtaalamu. Miche yake ilikuwa mizuri, hilo Elphas hakatai. Ilikuwa imepandikizwa vizuri, majani yakimetameta. Lakini mtu mwenyewe alimkera tangu siku ya kwanza. Ronnie alikuwa akila samosa, kisha anapangusa mafuta kwenye majani ya miche. Aliongea huku akitafuna, na alitema mate popote aliposimama, hata ndani ya shimo ambalo mtu yumo anachimba.

"Mzee, chimba mia moja na ishirini," alimwambia Elphas. "Themanini huku juu, arobaini kule chini. Futi mbili kwa mbili. Hapa ni kazi rahisi."

Huku juu kweli kazi ilikuwa rahisi. Elphas na wenzake wawili waliyamaliza mashimo themanini kwa siku tano, udongo ukitoka mwekundu na mlaini. Kule chini mambo yakabadilika. Walitumia sururu. Udongo wa kijivu ulikuwa na madoadoa ya kutu, na ulitoa harufu ambayo Elphas aliijua kutoka bondeni: harufu ya mayai yaliyooza, hafifu lakini ya kweli. Alipanda juu, akamwita Ronnie.

"Hapa si mahali ya mti," alimwambia. "Chini ni murram. Mvua ikija, hii itakuwa beseni."

Ronnie alichungulia kidogo, mkono puani. "Mti ni mti, mzee. Mizizi itajitafutia njia."

"Njia gani? Mimi mwenyewe nimepasua na chuma na bado imenishinda."

"Wewe ni mchimbaji ama ni daktari wa udongo?"

Mvua ya Aprili ikaja kabla miche haijapandwa. Ilinyesha usiku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu mashimo ya juu, yaliyokuwa yameshajazwa udongo, yalikuwa yamelowa tu, lakini yale arobaini ya chini yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na juu ya maji kulielea ngozi nyembamba inayong'aa kama mafuta ya gari. Vyura walikuwa wameshaingia. Ronnie alifika mapema, na alipoona vile hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo Elphas alilokumbuka baadaye, kwamba Ronnie hakushangaa.

"Mama anakuja saa nne kuona," Ronnie alisema. "Chukueni ndoo, toeni hiyo maji yote. Mkimaliza mtie udongo mkavu kutoka juu, halafu mbolea ya kuku. Asione kitu."

Wenzake wawili walimwangalia Elphas, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao.

"Mzee Elphas, usiniangalie hivyo," Ronnie akaongeza. "Nina shamba lingine Sugoi, mashimo mia tatu. Unataka hiyo kazi ama hutaki?"

Elphas alichukua ndoo.

Walichota mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha wakamwaga mbolea ya kuku iliyoletwa na lori ikiwa mbichi, bado ina manyoya, mayai yaliyovunjika na kifaranga mfu hapa na pale. Ilichoma macho. Mama Waithira alipofika na mwavuli wake na viatu vya mpira, alikuta mashimo yote mia moja na ishirini yamejazwa sawasawa, yamesawazishwa juu kama keki. Alipita akiyahesabu kwa furaha. Alipomfikia Elphas alimpa chupa ya chai na chapati nne zilizofungwa kwa kitambaa.

"Asante baba. Mungu akubariki hiyo mikono," alimwambia.

Elphas alikula chapati zote nne. Kazi ya Sugoi haikuja kamwe.

Miaka miwili ya kwanza ile miti ilimdanganya kila mtu. Ilikuwa na mizizi mifupi bado, na mbolea ya kuku iliisukuma juu kwa nguvu, hata ile ya chini ikawa na majani makubwa, ya kijani kizito. Mama Waithira alimpenda Elphas. Alimwita kukarabati ua, kuchimba shimo la takataka, kuzibua mtaro, na kila mara kulikuwa na chai, na kwa wageni alimtambulisha kwa maneno yale yale: "Huyu ndiye alichimbia hii miti yangu." Elphas alitazama chini kila aliposikia hivyo. Alianza kujiambia kwamba labda Ronnie alikuwa na haki, labda mizizi imepata njia.

Kisha ikaja mvua kubwa ya mwaka wa 2024. Ilinyesha wiki baada ya wiki. Upande wa chini wa shamba uligeuka bwawa ambalo lilikataa kukauka, na ilipofika Julai ile miti arobaini ilikuwa imekuwa ya manjano, majani yakikunjamana na kudondoka. Kwenye mashina, karibu na ardhi, kulitoka utomvu mzito wa rangi ya asali, ukitiririka na kuganda kama makamasi. Matunda ya kwanza yalikuwepo, lakini yalikuwa jambo la aibu.

Mama Waithira alimwita Elphas siku moja, akakata chungwa moja mbele yake. Ganda lilikuwa nene kama soli ya slipa. Ndani kulikuwa na nyama kidogo, nyeupe nyeupe, kavu. Aliuma, akatafuna, akatema mkononi mwake, akalitazama lile tonge.

"Hii ni chungwa ama ni godoro?" aliuliza. "Mwanamke wa juisi pale sokoni amenirudishia gunia nzima. Mbele ya watu. Ameniambia nimemuuzia matambara."

Elphas alionja kipande chake kwa adabu. Kilikuwa na ukali usio na maji, na uchungu uliobaki kooni kama dawa ya malaria. Alikimeza kwa nguvu.

"Ronnie anasema nini?" aliuliza.

"Anasema niongeze mbolea. Nimeongeza. Anasema nipulizie dawa. Nimepulizia. Sasa nikipiga simu hashiki."

Mwisho Mama Waithira aliacha kumtafuta. Alienda ofisi ya kilimo akamleta afisa mmoja anayeitwa Kipkoech, mtu mpole wa makamo aliyekuja na pikipiki na begi la kitambaa. Kipkoech alitembea shamba zima, akachukua udongo wa juu kwenye mifuko miwili, akateremka, akagonga ardhi kwa kisigino.

"Mama, tafuta mtu anichimbie kando ya huu mti," alisema. "Nataka kuona miguu yake."

Mama Waithira alimwita Elphas.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali baada ya mvua ya jana. Mama Waithira alileta chai kama kawaida, akakiweka kikombe juu ya kisiki karibu na Elphas, mkate juu yake. Elphas alipiga jembe mara tatu, mara nne, na udongo ulipofunguka harufu ikatoka kama kitu kilichokuwa kimefungiwa. Haikuwa hafifu tena. Ilikuwa mayai yaliyooza na mbolea ya kuku iliyozama bila hewa tangu siku ile, imegeuka uji mweusi. Manyoya bado yalikuwemo. Aliendelea. Alifika kwenye mizizi, akaushika mmoja ili auinue Kipkoech aone, na ganda la mzizi likabanduka lote mkononi mwake, laini, la utelezi, kama ngozi ya kidole kilichokaa majini hadi kikafa. Ndani ulibaki uzi mweupe mtupu.

Elphas aliangalia ile ngozi nyeusi imemshika vidole. Akageuka, akatapika kwenye nyasi. Alitapika mpaka kukawa hakuna kitu cha kutoka.

"Pole, ndugu," Kipkoech alisema. "Hata mimi hii harufu hunishinda." Alichuchumaa kando ya shimo, akamweleza Mama Waithira polepole. Mizizi ya mchungwa inapumua. Ikikaa ndani ya maji siku chache inaanza kufa, halafu ugonjwa wa kuozesha unaingia na kupanda mpaka kwenye shina, ndiyo ule utomvu. Mti usio na mizizi hauwezi kunywa hata ukiwa umesimama majini, kwa hivyo tunda linakuwa dogo na kavu. Na mbolea aliyoongeza ilikuwa imeizidishia miti matatizo tu, maana ilikaa pale pale ikiunguza, na kule juu ilinenepesha maganda na huenda iliongeza ukali wa tindikali kwenye udongo ambao tayari ulikuwa umechoshwa na mbolea za mahindi za miaka mingi.

"Lakini kitu moja sielewi," Kipkoech alimaliza. "Murram iko hapa, futi mbili. Mtu hawezi kuchimba hapa asiione. Nani alichimba hizi mashimo?"

Mama Waithira alimtazama Elphas.

Elphas alikuwa akipangusa mdomo kwa mkono safi. Angeweza kusema hakukumbuka. Wenzake wawili walikuwa wamesharudi kwao, na Ronnie hapatikani.

"Ni mimi, Mama."

"Najua ni wewe. Uliiona?"

"Niliiona."

"Na maji?"

"Niliona pia. Mvua ilinyesha kabla upande miche. Zilijaa zote arobaini. Vyura walikuwa ndani. Tulichota na ndoo asubuhi hiyo, kabla ufike. Tukafunika. Ronnie ndiye alisema, lakini ndoo ilikuwa kwa mkono yangu."

"Asubuhi hiyo nilikuletea chapati," Mama Waithira alisema.

"Ndiyo."

"Ukala."

"Nilikula."

Uso wa Mama Waithira ulikunjamana taratibu, pua ikapanda, midomo ikavutika kando, sawa kabisa na alivyofanya alipouma lile chungwa. Alienda kwenye kisiki, akachukua kikombe ambacho Elphas alikuwa hajakigusa, akamwaga chai kwenye mtaro, mkate akawatupia kuku. Kisha akakishika kikombe kwa vidole viwili, mbali na nguo yake, akaondoka nacho kuelekea nyumbani.

Kipkoech alijifanya anafunga begi lake.

Jioni ile Elphas alijisugua hadi sabuni ikaisha. Rosebella alimpakulia chakula, yeye akakitazama tu. Mkewe alipomuuliza, Elphas alimweleza yote tangu siku ya ndoo. Rosebella alikuwa akikunja nguo. Aliacha.

"Hiyo miaka yote," alisema, "nikikuuliza Mama Waithira anaendeleaje, ulikuwa unaniambia anaendelea vizuri."

"Nilidhani itapona."

"Elphas, wewe huwezi kula kwa sahani yenye alama ya kidole. Unafua taulo mara mbili. Halafu hii uliweza kukaa nayo?"

Elphas alitoka nje, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akagundua amekalia nini, akasimama.

Asubuhi alienda kwa Mama Waithira bila kuitwa. Alikaa langoni na jembe na sururu tangu saa moja mpaka karibu saa tatu. Mama Waithira alitoka mara mbili, akalisha kuku, akarudi ndani. Mara ya tatu alikuja mpaka kwenye lango.

"Unataka nini?"

"Nitoe hiyo miti ya chini. Na nichimbe mitaro, maji ishuke bondeni isipande huku juu. Bila kitu."

"Sitaki kazi ya bure kutoka kwako. Bure yako ni ghali." Akafungua lango. "Nitakulipa kama mtu mwingine yeyote. Lakini usiniongeleshe. Na usiniambie pole. Hiyo pole yako inanichefua."

Ilimchukua siku tisa. Aling'oa miti arobaini, mmoja mmoja, na kila mmoja ulimpa ile ile harufu. Haikupungua kwa mazoea. Alifunga kitambaa puani na bado aliisikia mdomoni. Kipkoech alikuwa ameagiza mabaki yachomwe, yasitupwe, kwa hiyo alichoma, na moshi wake ulikuwa mzito, wa rangi ya njano. Kisha akachimba mitaro mitatu mirefu kukata mteremko, akipasua murram inchi kwa inchi, mpaka siku ya nane maji ya kijivu yalipoanza kusogea yenyewe, polepole, kama usaha unaotoka kwenye jipu. Alisimama akiyatazama yakienda. Hakuhisi fahari yoyote. Alihisi tu kwamba haya yote yangeepukwa kwa siku moja, kwa sentensi moja, miaka mitatu iliyopita.

Kule juu majibu ya udongo yalikuja. Ukali ulikuwa umezidi. Kipkoech alishauri chokaa ya shamba, samadi iliyooza vizuri badala ya ile mbichi, na nyasi kavu chini ya kila mti, mbali kidogo na shina. Mama Waithira alifuata kila neno. Aliajiri watu wengine kumwaga chokaa. Kule chini alipanda nduma, yaani magimbi, yanayopenda kusimama majini.

Miezi michache baadaye Elphas alikuwa ameshuka Cheptiret kuangalia kazi ya choo cha kanisa, akaona pikapu anayoijua imeegeshwa kando ya barabara kuu. Ronnie alikuwa nyuma yake, sasa akiuza miche ya parachichi, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma, punje zikiruka kila alipocheka. Mbele yake kulikuwa na mzee na bintiye, wameshika miche minne.

"Mzee Elphas!" Ronnie aliita, akinyoosha mkono wenye masizi. "Long time! Kuna kazi, nilikuwa nakutafuta."

Elphas aliuangalia ule mkono. Hakuushika. Alimgeukia yule mzee.

"Baba, umechimba shimo kwako ukaona maji inakaa siku ngapi?"

"Sijachimba," mzee alisema, akishangaa.

"Chimba kwanza. Mwaga ndoo moja. Kesho ukikuta bado iko, usipande hii. Huyu mtu hatakuambia. Mimi nilimsaidia kumficha mama mwingine, miti arobaini ikaoza."

Ronnie aliacha kutafuna. "Buda, umelewa? Wasee, huyu ni mchimba choo tu, msimskize."

Mzee aliwatazama wote wawili, kisha bintiye. Bintiye alikuwa tayari amefungua video ya Ronnie kwenye simu, ile ya shamba la Mama Waithira mwaka wa kwanza, majani yakiwa mazito na ya kijani. Walinunua miche yote minne. Ronnie alimkonyezea Elphas jicho wakati anawafungia. Elphas alitema mate barabarani, jambo ambalo hakuwahi kufanya maishani, na akaondoka akijichukia hata kwa hilo.

Mwaka uliofuata miti ya juu ilizaa. Si vibaya. Baridi ya Eldoret huyachelewesha machungwa na kuyaachia ukali kidogo, hata Kipkoech alisema hivyo, lakini ganda lilikuwa jembamba na ukikata juisi inakufika kwenye kiwiko. Mwanamke wa juisi alirudi mwenyewe kuyafuata. Elphas aliyaona sokoni, yamepangwa mafungu, akajua ni ya wapi kabla ya kuuliza. Rosebella alinunua fungu moja na kula machungwa mawili njiani. Elphas hakuonja. Harufu ya ganda likimenywa inatosha kumrudishia ile nyingine.

Mama Waithira humwita bado kuzibua mitaro kabla ya mvua, kwa kuwa hakuna anayeijua kama yeye. Humlipa siku hiyo hiyo. Husalimiana kwa mbali, habari, nzuri, na kila mmoja anashika njia yake. Mwaka huu, akiwa mtaroni, Elphas alimsikia akimweleza mgeni kuhusu miti ile themanini, jinsi ilivyochimbiwa na jinsi ilivyotiwa chokaa. Mgeni akauliza ni nani aliyechimba.

"Mtu fulani," Mama Waithira alijibu, na akampeleka mgeni upande wa nduma.

Elphas aliinama, akaendelea kutoa tope.